Chai Nyekundu kwa Wageni wa Mutomo

Jumapili, jua likielekea kuzama. Matiliku.

Leo jua limetuchoma bila huruma tangu asubuhi. Sasa mabati yanalia tik, tik, yakipoa, na mimi nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni na simu mkononi, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha kwa sababu ya maua niliyoshika. Sijaoga. Sijakula chochote tangu mandazi mawili ya saa nne. Lakini nikienda kuoga kwanza nitasahau nusu ya mambo, kwa hivyo naandika hivi hivi nilivyo, nikinuka moshi.

Nina furaha sana.

Pia nina hasira kidogo. Nitafika hapo.

Kwa yeyote anayepitia hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Mama Mumo, na kazi yangu ni kuchanganya chai. Nakausha mchaichai, tangawizi, nanaa, maganda ya machungwa, vipande vya embe, na rozela, yale maua mekundu machachu. Ukwaju unaletwa na watu wanaouokota porini. Navichanganya kwa vipimo vyangu mwenyewe na kuvifunga kwenye pakiti za karatasi ya kaki. Vyote hukauka ndani ya kikaushio alichonitengenezea mume wangu Kyalo, ambaye ni fundi wa mbao: sanduku refu lenye miguu, limefunikwa nailoni inayopitisha jua, na ndani kuna treyi nane za wavu. Alikitengeneza kwa mapenzi, sitasema uongo.

Lakini miaka miwili imepita, na watu wa Matiliku bado wanakunywa chai waliyolelewa nayo, nusu maji nusu maziwa, sukari mpaka kijiko kinakaribia kusimama chenyewe. Pakiti zangu wananunua kwa huruma. Halafu nikiwatembelea nazikuta juu ya kabati, zimeshika vumbi karibu na maua ya plastiki.

Kyalo naye amepata wazo la kuku. Anasema kikaushio kina joto zuri, kina hewa, kina wavu, yaani ni nyumba ya vifaranga iliyokosa vifaranga tu. Tumebishana kuhusu jambo hili tangu Krismasi, na wiki iliyopita tukapatana. Kina mama wa kanisa moja la Mutomo walikuwa wanakuja kututembelea, na mke wa mchungaji wetu, Mama Mchungaji tunavyomwita, alikuwa amenipa mimi kazi ya chai. Sufuria zangu zikirudi nyumbani tupu, kikaushio ni changu na sitaki kusikia habari ya kuku tena. Zikirudi na chai ndani, Jumatatu naondoa treyi kwa mikono yangu mwenyewe, na biashara ya chai ndiyo basi.

Nilikubali haraka. Nilianza kuogopa baadaye, nikifua.

Mtu asiyetoka Ukambani huenda asielewe nilichokuwa naogopa. Hapa kwetu mgeni hapewi strungi, yaani chai isiyo na maziwa. Hiyo ni ya nyumba ambayo ng'ombe amekauka, unainywa mkiwa wenyewe. Mgeni akija unaomba maziwa kwa jirani, na jirani akikosa unatuma mtu sokoni, hata kama mgeni atakaa saa nzima akiangalia picha za harusi yako ukutani. Ukimpa kikombe kisicho na maziwa umemwambia kwamba hukumtarajia, au ulimtarajia na hukujali.

Kwa hivyo nilipanga kama mtu mwenye akili. Sufuria mbili kubwa. Ya kwanza ni mchanganyiko ninaouita Asubuhi: mchaichai, tangawizi, iliki na majani ya chai. Huo unapikwa na maziwa, na hata shangazi mkali hawezi kuulalamikia. Ya pili ni Nyekundu, ambayo ndiyo moyo wangu: rozela, ukwaju, embe kavu na kijiti cha mdalasini, maji matupu, na asali mwishoni. Wageni wangeanza na Asubuhi, wakatulia, wakajua wameheshimiwa, halafu wangeionja Nyekundu kwa udadisi tu. Kila mama wa kanisa letu alileta chupa yake ya maziwa. Tukamimina yote kwenye mtungi mmoja, ukajaa mpaka shingoni.

Saa nne na nusu Nyekundu ilikuwa tayari. Rangi yake leo, jamani. Nilifunua mara tatu nikiitazama tu. Nikaifunika, nikajifunga leso safi, nikatoka kwenda kuwapokea wageni, kwa sababu walikuwa wameingia getini wakiimba na ni lazima wenyeji wajibu wakiimba. Nilikaa nje dakika ishirini, pengine ishirini na tano kwa sababu nilikolea kwenye kucheza.

Jikoni nilimwacha Mama Ndinda. Huyu ndiye mkuu wa jiko la kanisa letu. Amepikia harusi, matanga na mikutano tangu mimi nikiwa shuleni, na sijawahi kukutana na mtu mwenye roho safi kama yake. Roho hiyo safi ndiyo iliyoniangusha. Alifungua kifuniko, akaona chai ya wageni haina maziwa, akachungulia nje akaniona nacheza, akaamua kunisitiri kabla aibu haijanipata. Akachukua mtungi, akamimina.

Wote.

Nilipoingia alikuwa anakoroga kwa mwiko wa ugali, kwa nguvu, jasho linamtoka.

“Mama Mumo, hebu kuja uone. Niliona umesahau maziwa nikakuwekea. Sasa hii chai yako inafanya nini?”

Ilikuwa inakatika. Rozela na ukwaju ni vitu vichachu, na maziwa yakikutana na uchachu yanakatika hata yakiwa yamekamuliwa alfajiri hiyo hiyo. Mabonge meupe yenye rangi ya waridi yalikuwa yanaelea juu ya maji ya zambarau, na kadiri alivyokoroga ndivyo yalivyozidi kuwa madogo na mengi. Kulikuwa na harufu ya maziwa mala, yaliyochacha, na mdalasini. Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nilitaka kumfokea, na sikufanya hata moja kwa sababu nilimwona ameshaelewa. Mwiko ulisimama mkononi mwake.

“Ni mimi nimeharibu,” akasema. “Wageni wa watu wametoka Mutomo. Tutawaambia nini?”

Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa yakikatika hayaunganiki. Ng'ombe wote wa karibu walikuwa wameshakamuliwa. Mwenye duka la maziwa alikuwa pale pale kanisani, kiti cha tatu kutoka mbele, na duka lake lilikuwa tupu kwa sababu maziwa yake ndiyo tuliyoyanunua kujazia mtungi.

Sasa nifikirie. Asubuhi bila maziwa ni strungi, hata ukiipamba kwa iliki, na mgeni angeitambua kwa rangi kabla hajaketi. Nyekundu angalau haifanani na chochote walichozoea. Nilikuwa na pakiti tatu kubwa za Nyekundu ambazo nilizileta ziwe zawadi ya wageni. Nikazipasua na kuzipika kwenye sufuria ya Asubuhi, ambayo ilikuwa bado na maji matupu. Mama Ndinda akaongeza kuni bila kuambiwa. Sufuria iliyoharibika niliimwaga nyuma ya jiko, na ndiyo, najua makubaliano yangu na Kyalo yalisemaje kuhusu sufuria kurudi tupu. Naungama hapa, niliimwaga na sikujisikia vibaya hata kidogo.

Nikamtumia Mama Mchungaji ujumbe: tupe nusu saa. Mama huyo hakuuliza kwa nini. Aliongeza nyimbo tatu na ushuhuda mmoja mrefu.

Kisha ikabidi nitoke na chai.

Sijui kama nitaweza kuandika vizuri jinsi ukumbi ulivyonyamaza. Wageni arobaini wamekaa kwa mistari, mandazi na viazi vitamu mbele yao, na mimi napita nikimimina kitu chekundu kinachoonyesha mpaka chini ya kikombe. Nyuma yangu nilimsikia mmoja wetu akinong'ona kwa Kikamba kwamba leo tumewapa wageni strungi ya rangi. Masikio yangu yalipata moto. Nilikuwa nawaza treyi zangu nane. Nilishaziona zimewekwa nyuma ya choo.

Kiongozi wa wageni anaitwa Mama Kavutha, mama mzito wa miaka sitini na kitu, mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Heshima inataka aanze yeye, na wote walikuwa wanamwangalia yeye. Akainua kikombe akakitazama.

“Hii iko na maziwa?”

“Hapana, mwaitu,” nikamjibu. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na pale nilihitaji umama wake wote.

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Nisamehe.”

Akanywa. Akanywa tena, polepole, kisha akainamisha kikombe mpaka mwisho, akakiweka mezani, akakisukuma kuelekea kwangu.

“Ongeza,” akasema. Halafu akawageukia wenzake. “Mimi maziwa inanisumbua tumbo, miaka mingi sana. Nikienda kwa watu naweka kikombe kwa mdomo, nameza kidogo ndio wasiseme nimewadharau, halafu naumwa njia yote mpaka nyumbani. Sijawahi ambia mtu. Leo nimekunywa chai ya wageni nikamaliza.”

Nilibaki nimeshika birika. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya upole, yale ya kina mama wa kanisa, na sasa sikujua niweke wapi uso wangu. Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikuyafuta.

Mama mmoja mwembamba nyuma akasema hata yeye. Mwingine akasema mume wake, ambaye siku hizi harusini hujifanya amefunga. Wakaanza kucheka wenyewe kwa wenyewe, wale watu wazima, kwa siri waliyoibeba kila mmoja peke yake, wakinywa na kuugulia ili mwenyeji asiumie. Na sisi wenyeji tukikimbia huku na huku kuomba maziwa kwa majirani ili wao wasiumie! Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Leo mgeni alikuja, akatuambia ukweli, na mimi ndiye niliyepona.

Sio wote walioipenda. Niseme yote. Mama mmoja alionja akakunja uso mzima akaomba soda. Mchungaji wetu alisema kwa upole kwamba inamkumbusha dawa ya kifua. Mama wa mstari wa mbele alitia vijiko vinne vya sukari juu ya asali, na mimi nikatazama pembeni. Lakini birika lilikuwa linarudi jikoni jepesi kila mara, na kila liliporudi Mama Ndinda alilijaza.

Kisha Mama Kavutha akataka kujua inavyopikwa. Aliniketisha katikati yao, na mimi niliyeshindwa miaka miwili kumfanya mtu asikilize, nikawa na arobaini wanaosikiliza na watano wanaoandika.

Nikawaambia hivi. Kwa vikombe sita, chukua ukwaju wa ukubwa wa yai dogo, uloweke kwenye maji ya vuguvugu, uuvurugevuruge kwa vidole, uchuje mbegu na nyuzi. Chemsha maji na kijiti cha mdalasini na embe kavu, kiganja kimoja, dakika kumi, maana embe ni mkaidi na halitoi utamu wake kwa haraka. Epua. Ukishaepua ndipo unatia rozela, kiganja kisichojaa, unafunika, unahesabu dakika tano. Rozela ikichemka au ikikaa sana inakuwa chachu mpaka meno yanagoma. Chuja, tia maji ya ukwaju kidogo kidogo huku ukionja, ngoja mvuke upungue, halafu asali. Ukitia asali kwenye maji yanayochemka unaua harufu yake, na asali ya Kitui haistahili kufanyiwa hivyo.

Wakauliza kuhusu nanaa na mrehani. Nikawaambia majani laini hayachemshwi, yanamiminiwa maji moto na kufunikwa, kwa sababu ile harufu unayoisikia jikoni ikipanda na mvuke ndiyo ile iliyotakiwa kuwa kikombeni. Vitu vigumu kama tangawizi, mizizi na magome ndivyo vinavyotaka moto. Mchaichai uko katikati: uukate vipande, uuponde kwa mpini wa kisu, uuchemshe dakika tano. Na kwa wanaopenda maziwa, nikawaambia kuhusu Asubuhi: tangawizi mbichi ichemke kwenye maji peke yake kwanza, dakika kumi, ndipo maziwa yafuate, maana tangawizi mbichi nayo hukata maziwa. Majani ya chai yaingie mwisho kabisa.

“Na hii nyekundu mtu akiweka maziwa?” mmoja akauliza.

Ukumbi wote wa kina mama wa Matiliku ukamtazama Mama Ndinda. Yeye akatengeneza leso yake.

“Usijaribu,” akasema. “Mimi nimejaribia nyinyi wote.”

Tulicheka mpaka Mama Mchungaji akaomba watu wakumbuke tuko kanisani.

Wakati wa kuagana Mama Kavutha alinishika mkono akasema Mutomo kuna ukwaju mwingi mpaka mbuzi wameuchoka. Anataka niende Jumamosi ijayo niwafundishe kuukausha na kuchanganya, na nibebe pakiti nyingi kadiri ninavyoweza. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Mimi, niende Mutomo kufundisha! Sina hata ubao. Nitachukua sufuria.

Sufuria zilikuwa tupu. Zote mbili. Nilizifunga nyuma ya pikipiki na njia nzima nilisikia zikigongana, na sijawahi kufurahia kelele kama hizo.

Sasa hasira.

Nilipoingia uani Kyalo alikuwa amechuchumaa mbele ya kikaushio, mgongo kwangu. Treyi zangu nane zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Mchaichai wa jana, ambao ulibakisha siku moja kukauka, ulikuwa umerundikwa kwenye karai. Na ndani ya kikaushio, juu ya maranda ya mbao, vifaranga hamsini walikuwa wanalia.

Hakungoja. Hiyo ndiyo iliyoniuma, na bado inaniuma ninapoiandika. Aliwaagiza siku ya Ijumaa, alikuja kuniambia, kwa mtu wa mjini Wote. Ijumaa, wakati mimi bado napima mdalasini. Tulipeana mikono juu ya makubaliano na yeye moyoni alikuwa ameshaamua kwamba nitashindwa.

Nilifungua kamba, nikachukua sufuria moja baada ya nyingine, nikaziweka miguuni pake. Akazitazama. Akainama, akachungulia ndani ya ya kwanza, akapitisha kidole chini, kikatoka kikavu. Akachungulia ya pili.

“Yote?”

“Moja ilikatika maziwa nikaimwaga,” nikasema, kwa sababu sikutaka ushindi wenye doa. “Hii nyingine waliimaliza. Mama wa Mutomo alikunywa vikombe vitatu.”

Kyalo si mtu wa maneno mengi. Akatoa kidole sufuriani, akakifuta kwenye suruali. Kisha akavuta katoni, akaingiza mkono kwenye kikaushio, akaanza kuwatoa vifaranga mmoja mmoja, taratibu, akiwahesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kumi na saba nilichuchumaa nikamsaidia. Wa mwisho alijificha kwenye kona na ikabidi yeye mwenyewe aingize kichwa ndani ya sanduku alilolitengeneza.

Sasa hivi wako sebuleni mwangu, kando ya kochi, na nyumba nzima inalia. Kyalo yuko nje anapima mbao za nyumba ya kuku. Nimeshachemsha maji ya kuosha treyi, na nitaziosha mara mbili kwa sabuni kabla ya mchaichai kurudi ndani, maana Jumamosi si mbali.

Kabla hajatoka alisimama mlangoni na futi yake mkononi, akauliza kama kuna yoyote iliyobaki, aonje.

Miaka miwili. Treyi nane alizipigilia misumari yeye mwenyewe. Na ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kumpa kikombe. Kila asubuhi namwekea chai yake ya maziwa kwa sababu ndivyo mke anavyofanya, na niliogopa uso wake kuliko nilivyoogopa nyuso arobaini za wageni. Nilimwambia hakuna, sufuria ni tupu, ndivyo tulivyokubaliana. Akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Ningali na hasira naye. Lakini kesho, kabla hajashika msumeno, nitampikia kikombe chake cha kwanza, nitamwekea mbele yake, na safari hii nitakaa nimtazame usoni mpaka akimalize.